Uso Kwanza, Ndege Baadaye



Mwaka huu kamati ya kitabu chetu imepokea picha za ndege nyingi kuliko picha za harusi. Sisemi haya kwa kejeli. Sisi ni watu wa viwanja vya ndege. Hapana nyumba yetu hata moja, iwe London, Portsmouth, Maskati au Dubai, isiyokuwa na picha ya mtu amesimama mbele ya ndege, begi mkononi, macho amekunja kwa jua. Na vijana wetu waliokulia karibu na Heathrow wamekwenda mbele zaidi: wao hupiga ndege peke yake, na huzijua kwa jina na kwa sauti kama vile sisi tulivyokuwa tukizijua mashua za Malindi kwa matanga yake. Ugonjwa huo, nakiri, ni mimi niliyewaambukiza baadhi yao, kwa hivyo sehemu ya lawama naibeba.

Niliombwa nizipitie picha hizo kabla hazijapelekwa kwa mchapaji. Nimezirudisha zaidi ya nusu, na moja nimeomba isichapwe kabisa. Maneno yamekuwa mengi. Wengine wamesema mwalimu amezeeka na bado anasahihisha madaftari. Sawa, nimesomesha fizikia miaka thelathini na kalamu nyekundu haikauki kwa siku moja. Lakini naona ni haki yenu kusikia sababu zangu.

Nianze na zile nilizozirudisha. Nyingi zina kosa moja, nalo si kosa la kamera. Mpigaji alisimama mahali pabaya, kisha akataka kutengeneza kwenye kompyuta kile alichokikosa uwanjani. Picha ilikuja ya kijivu, tumbo la ndege kiza, mbingu nyeupe kama chokaa. Akafungua programu, akauvuta ule mstari wa kontrasti mpaka mwisho. Matokeo yake mbingu imekuwa rangi ya wino na chembechembe zimeijaa, madirisha yamefutika, na ndege imezungukwa na ukingo mweupe kama iliyokatwa kwa mkasi ikabandikwa. Kontrasti, kwa lugha yetu ya kawaida, ni umbali uliopo baina ya mwangaza na kiza. Umbali huo huletwa na jua. Programu inaweza kuunyoosha kidogo, lakini ukiuvuta sana unakatika, na vile vya katikati, yaani rangi za kati na kati zinazoonyesha kuwa kiwiliwili cha ndege ni mviringo, ndivyo vinavyopotea kwanza.

Hapa Uingereza jua halitoki upande wa kusini wa mbingu mchana kutwa, ila asubuhi mapema na jioni za kiangazi. Kwa hivyo mpiga ndege husimama kusini ya njia ya kurukia, jua likampiga mgongoni. Njia za Heathrow zimelala mashariki na magharibi, na ndiyo maana kile kijiwanja cha majani cha Myrtle Avenue, kusini ya mahali zinaposhukia ndege za njia ya kusini, hakikosi watu na ngazi zao. Upepo ukiwa wa magharibi ndege hushuka kutoka upande wa London, na saa tisa alasiri njia ya kushukia hubadilishwa ili watu wa chini wapumzike na makelele. Mpwa wangu mmoja alipanda basi mara tatu akakuta ndege zote ziko kaskazini, kwa kuwa hakuuliza wiki ile njia ya kusini ni zamu ya asubuhi au ya alasiri. Upepo ukigeuka ukawa wa mashariki, basi ndege huingia kwa upande wa Windsor na safari ya Myrtle Avenue ni ya bure kabisa.

Watu hudhani siku nzuri ya picha ni siku ya joto. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua la London hupanda kiasi cha nyuzi 62. Hupiga mgongo wa ndege ukang'aa, na tumbo na injini zikabaki kivulini. Mwezi wa Disemba jua hilohilo saa sita halipandi zaidi ya kama nyuzi 15, hukaa chini siku nzima na kuitia ndege mwanga wa ubavuni mpaka chini ya mabawa. Siku ya Disemba isiyo na mawingu, baridi inakata masikio, ndiyo siku ya picha. Na juu ya hiyo iko moja bora zaidi, ambayo haiji kwa kuombwa: mvua imepita, wingu jeusi liko nyuma ya ndege, na jua limefunguka nyuma yako. Ndege nyeupe ikitokeza hapo haihitaji programu yoyote.

Kiangazi kina adui mwengine. Hewa ya moto inayopanda juu ya lami hucheza, na ndege iliyo mbali huja imepindapinda kama inayoonekana ndani ya maji. Hapana lenzi inayotibu jambo hilo, hata ukiuza gari ununue kubwa yake. Jamaa wa Maskati wananiandikia kulalamika kuwa picha zao si kali. Nendeni alfajiri, kabla ardhi haijapata moto, na ndege iwe karibu. Nyinyi mna neema ambayo sisi hatuna: mchanga na ardhi nyeupe hurudisha mwanga juu, na tumbo la ndege likapata sehemu yake. Lakini msipige mahali pasiporuhusiwa. Kule Fujairah mwaka 2015 Waingereza watatu waliwekwa ndani kiasi cha miezi miwili kwa sababu ya kuangalia ndege tu.

Na kwa ndege za pangaboi, kama zile ATR zinazokwenda Unguja, msitumie kasi ya 1/1000 ya sekunde. Pangaboi linaganda na ndege inaonekana imening'inizwa kwa uzi dukani. Shukeni mpaka 1/250, na mwenye mkono imara ashuke mpaka 1/125. Nyingi zitaharibika. Ziharibike.

Sasa nije kwenye mita ya mwanga, kwani hapo ndipo kisa changu kilipo. Kila kamera ina kitu cha kupimia mwanga, na kitu hicho kwa asili yake hakijui hii ndege na huyu binadamu. Kimefundishwa jambo moja tu: chochote kilicho mbele yake akitoe kijivu cha kati na kati, kijivu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwangaza unaokipiga. Ukikielekeza kwenye mbingu nyeupe ya mawingu, hakitakubali kuwa ni nyeupe. Kitapunguza mwanga mpaka iwe kijivu, na ndege iliyo mbele yake itakuwa mkaa. Ndiyo maana siku ya mawingu lazima umlazimishe, uongeze theluthi mbili ya stopu au stopu nzima. Ndege nyeupe mbele ya mbingu ya buluu iliyokoza ni kinyume: mita huona buluu nyingi, huongeza mwanga, na ubavu mweupe huungua. Hapo punguza theluthi. Simu za siku hizi zimeongezewa ujanja wa kutambua nyuso na wa kuchanganya picha kadhaa kuwa moja, na mara nyingi husaidia. Lakini mwenye kuutegemea ujanja asiojua unafanya nini, siku ukimkosa hatajua pa kushika.

Mwanzoni mwa Machi 1974, nikiwa na umri wa miaka kumi na nne, niliondoka Dar es Salaam kwa ndege ya East African Airways kuja London kwa ami yangu. Ilikuwa Super VC10, zile zenye injini nne nyuma na mkia mrefu. Marehemu mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa akifanya kazi kiwanjani, akatupitisha mimi na mama mpaka karibu na ngazi. Alikuwa na kamera yenye mita, na alijivunia sana. Ilikuwa yapata saa sita na nusu. Nimekuja kufanya hesabu baadaye: kwa latitudo ya Dar es Salaam, siku zile za mwanzo wa Machi jua hupita juu kabisa ya utosi. Kivuli cha mtu kilikuwa chini ya viatu vyake. Mama alivaa buibui lake jeusi na ukaya umeshuka mpaka usoni. Nyuma yetu ubavu mweupe wa ndege uliwaka kama bati jipya. Mjomba aliielekeza mita kwenye ndege, akaifuata kwa uaminifu, akafunga tundu la lenzi, akapiga.

Ndege ilitoka nzuri sana. Utahesabu madirisha. Karibu na mkia utasoma 5H, alama ya ndege zilizoandikishwa Tanzania, na herufi zilizobaki zimezibwa na ngazi. Mimi naonekana nusu, shati jeupe na masikio. Mama ni umbo jeusi. Pale penye uso hapana kitu.

Alifariki mwaka 1978, Mungu amrehemu, na mimi sikupata kurudi mpaka mwaka 1981. Hakupenda kupigwa picha. Hiyo ndiyo moja tuliyonayo.

Mtaniuliza kwa nini mtu atunze hasira na mita kwa miaka yote hiyo. Sina hasira na mjomba. Alifanya kama karatasi ya filamu ilivyomwambia. Lakini nimeona ajabu hii: East African Airways ilikuwa na Super VC10 tano. Moja iliangamia Addis Ababa mwaka 1972. Nne zilizobaki, shirika lilipovunjika mwaka 1977, zilirudi Uingereza na zikafanywa ndege za jeshi za kutilia mafuta angani. Katika hizo nne, zenye 5H zilikuwa mbili tu, na zote mbili ziliruka mpaka Septemba 2013, ambapo mojawapo ndiyo iliyofunga kazi kwa aina hiyo yote ya ndege. Yaani ile ndege iliyo nyuma ya mama nnaweza kuifuata takriban siku kwa siku, kwa karatasi na kwa picha za watu waliopanda ngazi Myrtle Avenue na kwengineko. Ya mama nina saa ile moja, na mwanga wake ulipewa ndege.

Mwaka jana mpwa wangu, kijana mwema na mwenye mapenzi, aliichukua picha hiyo akaitia katika programu mojawapo ya hizi zinazotengeneza nyuso. Ikarudi na uso. Mwanamke mzuri, ngozi laini, anatazama kamera, anatabasamu. Picha ilizunguka kwenye simu zetu kutoka London mpaka Maskati kwa muda wa chai moja. Mama mdogo wangu aliyeko Unguja, mwenye miaka themanini na ushei, alipoonyeshwa alilia, akasema amefanana. Akataka ichapwe katika kitabu. Na hiyo ndiyo picha niliyoomba isichapwe.

Niliambiwa nina moyo mgumu, kumnyima bibi mzima furaha. Simnyimi. Ile aliyonayo katika simu ni yake na anayo. Yeye anaujua uso wa dada yake. Akitazama ile picha hutia mwenyewe kile kinachokosekana. Lakini kitabu hiki hakichapwi kwa ajili yake. Kinawekwa kabatini kwa ajili ya watoto waliozaliwa hapa, ambao hawakumwona. Wao hawana cha kutia. Watafungua ukurasa, wataona uso, watasema huyu ndiye bibi mzaa babu, na baada ya miaka ishirini mtoto mmoja atazaliwa na wataanza kubishana kama amechukua macho yake. Macho ya nani?

Mpwa wangu alinijibu kwa hoja nzuri. Alisema: Mjomba, wewe mwenyewe unatufundisha kupiga faili ghafi ili tupate kuinua vivuli baadaye. Tofauti iko wapi? Tofauti iko hapa. Ukiinua kivuli katika faili la kamera, unaongeza sauti ya kitu kilichosema kwa mnong'ono. Mwanga uliingia, mdogo, lakini uliingia. Kamera za leo zina uwezo mkubwa katika hilo, na kinachoumia zaidi ni upande wa pili: palipoungua kwa mwanga mwingi pamekuwa weupe mtupu na hapana cha kushusha. Filamu ya negativu ni kinyume chake. Husamehe mwanga uliozidi, haisamehi uliopungua, kwani pasipofika mwanga wa kutosha pale hapabaki fedha ya filamu, panabaki kioo. Programu yake haikuinua kitu. Iliulizwa swali isilolijua ikajibu kwa ujasiri, nami katika darasa langu jibu la namna hiyo nililipa sifuri hata likiwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa sote tulikuwa tunabishana juu ya karatasi. Picha ya karatasi ni nakala, na fundi wa studio aliyeisafisha mwaka 1974 alichagua karatasi ya kuipendezesha ndege. Negativu ilikuwa wapi? Nilimpigia simu mama mdogo. Akasema vitu vya marehemu mjomba vimo katika kopo la biskuti juu ya kabati. Mpwa wangu huyohuyo, nampa haki yake, alikuwa anakwenda Unguja kwa likizo, akalileta kopo zima ndani ya begi la mkononi.

Negativu ilikuwa imeota ukungu pembeni na imekwaruzika. Penye uso paliangaza kama dirisha, na nilikata tamaa. Tuliiweka juu ya taa, tukaipiga kwa kamera mara nyingi kwa mwanga tofauti, tukaiacha ndege iende zake. Tulifanya kazi hiyo jioni tatu. Uso haukurudi. Lakini kilitokea kitu ambacho karatasi ilikuwa imekificha: ukingo wa ukaya, mstari wa shavu, na ncha ya pua. Na ncha ile haikuelekea kwenye kamera. Imeelekea kulia na chini kidogo, upande nilipokuwa nimesimama mimi.

Mpwa wangu aliutazama mstari ule muda mrefu. Kisha akaufungua ule uso wa programu akauweka ubavuni, unaotazama mbele na kutabasamu, na hakusema neno. Mama mdogo tulipompelekea naye alisema, eh, alikuwa akikutazama wewe. Bado anautaka na ule mwengine, na mimi sitamgombeza.

Ndugu zangu, nitasema na juu ya picha zile za kuagana na kupokeana, kwani ndizo zitakazobaki baada ya hizi za ndege tupu kusahauliwa. Mtu akisimama mbele ya ndege, pima mwanga usoni mwake. Kama ni simu, bonyeza uso kwa kidole ili simu ijue unamtaka nani. Ndege nyuma itafifia, pengine itaungua ikawa nyeupe. Iache. Msimsimamishe mtu katikati ya jua la saa sita na huku mnamwambia acheka. Msogezeni chini ya bawa au kwenye kivuli cha jengo, mwanga laini umfikie kwa mbele. Khasa kwa ngozi zetu, na khasa kwa akina mama wenye mabuibui na mitandio, mita iliyopimwa kwenye ndege nyeupe ni mita ya kumfuta mtu.

Mwaka 2019 walikuja jamaa kutoka Maskati nikawapeleka makumbusho ya Brooklands, Weybridge, zilikotengenezwa VC10. Pale iko ile ya Sultan Qaboos, aliyoitoa kwa makumbusho mwaka 1987, na watu wa Oman hupenda kupiga picha mbele yake. Jua lilikuwa kali. Niliwasimamisha, nikawaambia wasubiri. Wakasubiri, wakanung'unika, mmoja akauliza kama ndege itaruka ndiyo tunaingoja. Kilipita kijiwingu, mwanga ukalainika, nikapima usoni mwa shangazi yao mwenye miaka tisini, nikapiga. Ndege imetoka kama imepakwa maziwa. Shangazi utahesabu mikunjo yake. Picha hiyo imo katika kitabu hiki, na naona kamati imeiweka ndogo mno.

Neno langu la mwisho ni kwa mchapaji. Karatasi yetu ni ya bei nafuu na hunywa wino, na picha hutoka kiza kuliko zilivyo kwenye skrini. Naomba zote zitiwe mwanga kidogo kabla ya kuchapwa, na ile ya mwaka 1974, iliyotolewa kwenye negativu na si kwenye karatasi, itiwe zaidi kuliko zote. Ndege itapotea karibu yote na 5H itasomeka kwa shida. Utazameni mstari wa shavu, upande wa kushoto, juu kidogo ya shati jeupe.